Iache Kwanza Ipate Moto

Mwanangu, picha uliyonitumia nimeiona, na nimeiangalia tena na tena. Honda NSR250R ya mwaka 1990. Ni nzuri, sitakuficha. Fremu nene ya aluminiamu, mkia uliochongoka, ekzosi mbili zilizopangwa zote upande wa kulia. Chini ya picha umeandika: "Mjomba, niichukue?"

Jibu la neno moja sina. Kaa kidogo, chai bado ya moto. Nitakwambia ninavyoijua pikipiki hii, halafu uamue mwenyewe, maana pesa ni zako na roho ni yako.

Najua una haraka. Leseni kamili umeipata mwaka huu, baada ya kutimiza miaka 24 ambayo sheria ya hapa Uingereza inamtaka mtu awe nayo ili afanye mtihani wa pikipiki kubwa moja kwa moja. Pesa umezidunduliza. Muuzaji amekwambia wapo wengine wanaoitaka. Unaona usipoichukua Jumamosi hii, imekwenda. Nami niliwahi kuambiwa hivyo hivyo kuhusu pikipiki ya jina hilo hilo, nikatoa pesa papo hapo. Sikuuliza hata pistoni zake zilibadilishwa lini.

Ujue kwanza ilikotoka. Miaka ya 1980 vijana wa Japani walikuwa wameshikwa na mapenzi ya mashindano ya pikipiki. Mwaka 1983 Suzuki ilitoa RG250 Gamma, pikipiki ya barabarani yenye fremu ya aluminiamu mithili ya zile za mashindanoni. Watu wakaigombania. Yamaha ikajibu kwa TZR250, Kawasaki ikaja na KR-1, na Honda ikaanza kuuza NSR250R mwishoni mwa 1986. Wote waling'ang'ania injini ya ukubwa wa sentimita za ujazo 250, na si kwa bahati. Japani, pikipiki inayozidi hapo ni lazima ipelekwe kwenye ukaguzi wa serikali kila baada ya muda, na ukaguzi wenyewe ni ghali. Isiyozidi 250 imesamehewa. Kwa hiyo kijana wa mshahara mdogo aliyetaka kuonja anachokipanda bingwa wa dunia alikuwa na mahali pa kuonjea.

Na Honda bingwa walikuwa naye. Mwaka 1985 Freddie Spencer wa Marekani, akiwa na miaka 23, alichukua ubingwa wa dunia wa 250 na wa 500 katika msimu mmoja, kila mmoja juu ya Honda. Baada ya mwaka huo hakushinda tena hata shindano moja la Grand Prix. Mkono wake ulikuwa umechoka. Mwili nao una hesabu zake, mwanangu, hata wa kijana wa miaka 23.

Sasa tazama walichokitengeneza. Silinda mbili zilizokaa kwa pembe mraba, uzito wa kama kilo 130 kabla ya kutiwa mafuta, nguvu farasi 45. Boda boda ya 125 kule nyumbani hupata kiasi cha robo tu ya nguvu hizo, na inabeba abiria wawili na gunia la mkaa. Hapa ni wewe peke yako, umelala juu ya tangi.

Nguvu hizo zinatoka katika injini ya mipigo miwili, ile tunayoiita tu-stroki. Injini ya gari la mama yako ina mipigo minne: inavuta, inabana, inalipua, inatoa. Mlipuko unakuja mara moja katika kila mizunguko miwili. Tu-stroki inazimaliza kazi hizo zote katika mzunguko mmoja. Kila pistoni inapofika juu, moto unawaka. Haina valvu za kichwani, haina kamshafti, haina mnyororo wa kuizungusha. Pistoni yenyewe ndiyo mlango. Ikishuka inafungua matundu yaliyotobolewa ukutani mwa silinda, ikipanda inayafunga. Ndiyo sababu ni nyepesi. Ndiyo sababu pia vitu vichache sana vinabeba kazi yote, na kimoja kikichoka hakuna cha kukisaidia.

Lile tumbo la ekzosi unaloliona si pambo. Mlipuko unapotoka, unapeleka wimbi la shinikizo ndani ya bomba. Pale bomba linapopanuka, wimbi linavuta moshi uliobaki na kuvuta nyuma yake mchanganyiko mpya wa hewa na petroli. Pale linapojibana tena, wimbi linagonga na kurudi. Linakuta mchanganyiko mpya umeanza kutokea mlangoni, linausukuma urudi ndani kabla pistoni haijafunga. Linashindilia silinda bila pampu yoyote. Lakini wimbi lina mwendo wake. Likiwahi au likichelewa halifai kitu. Ndiyo maana injini ya namna hii huku chini imelala, unafungua mafuta na unaona mbona si kitu. Sindano ya mizunguko ikipita 8,000, wimbi na pistoni vinapatana, na nguvu yote inakuja kwa mkupuo mmoja. Honda waliweka vali ndani ya tundu la kutolea moshi, inayosogezwa na mota ndogo, ili kuupunguza ukali wa mkupuo huo. Waliupunguza. Hawakuumaliza.

Mtu aliyelikalia wimbi hilo mpaka likamtii aliitwa Walter Kaaden. Sikwambii habari zake ili ujue historia. Nakwambia kwa sababu kila ninapofungua injini ya namna hii namwona yeye. Alikuwa mhandisi wa MZ, kiwanda cha pikipiki huko Zschopau, Ujerumani Mashariki. Vifaa vilikuwa haba na fedha ilikuwa haba. Bomba lenye tumbo hakulibuni yeye, wala diski ya kuzunguka inayoruhusu hewa kuingia. Yeye alichofanya ni kukaa na vitu hivyo. Alipima mawimbi ndani ya ekzosi kwa osiloskopu, akakata bomba, akaunga, akapima tena, akarefusha, akapima tena. Mwaka 1961 injini yake ya 125 ilifikia nguvu farasi 25. Hiyo ni sawa na farasi 200 kwa kila lita, jambo ambalo injini isiyosaidiwa na pampu ya kusukuma hewa haikuwa imewahi kulifikia.

Mwaka huo huo dereva wake, Ernst Degner, alikuwa anaongoza mbio za ubingwa wa dunia wa 125. Katika shindano la Sweden, mjini Kristianstad, injini yake ikafa. Degner hakurudi nyumbani. Mkewe na watoto walikuwa wameshavushwa kisirisiri kwenda Magharibi, naye akaenda Japani kuwafanyia kazi Suzuki, akiwa na elimu ya Kaaden kichwani. Mwaka 1962 Suzuki ilichukua ubingwa wa dunia wa 50, Degner akiwa juu ya pikipiki. Ulikuwa ubingwa wa kwanza wa dunia kwa tu-stroki. MZ haikuupata hata mmoja. Kaaden alirudi kwenye meza yake akaendelea kupima mabomba. Nikitazama ekzosi za hiyo NSR unayoitaka, naona kazi ya mzee yule ambaye hakulipwa alichostahili, na naona aibu mtu kuiharibu kwa pupa ya asubuhi moja.

Pupa hiyo naijua. Lakini ngoja kwanza nikwambie nilivyofundishwa, ili uone sikuwa na kisingizio.

Nilijifunza ufundi Mombasa, katika karakana ya uchochoroni pale Mwembe Tayari. Siku zile tu-stroki zilikuwa nyingi: Vespa za wafanyabiashara, Suzuki na Yamaha ndogo ndogo, na Yamaha AG100 za mabwana shamba. Fundi wangu alikuwa mtu wa maneno machache. Injini ikiletwa, hashiki spana. Anaiwasha, anaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye kichwa cha silinda, mpini anaubana sikioni, anafumba macho. Anahamisha ncha chini, kwenye beringi za krenki. Anasikiliza tena. Sisi vijana tulikuwa tunaona anapoteza wakati, mteja anangoja, na sisi tunataka kufungua. Akimaliza anasema, "Ringi." Tukifungua tunakuta ni ringi.

Siku moja alitutuma tukalete pikipiki ya bwana shamba iliyokufa njiani, kwenye mteremko wa kutoka Wundanyi kwenda Mwatate. Mimi nilishangaa. Pikipiki haikuwa inapanda, ilikuwa inashuka. Itaungua vipi ikishuka? Fundi hakunijibu mpaka tuliporudi na kuifungua. Akanionyesha pistoni imekauka na kuchunika. Akasema tu-stroki haina oili iliyotulia chini inayorushwa juu, oili yake inaingia pamoja na petroli. Bwana shamba alifunga mafuta ili ashuke taratibu na kwa usalama, gurudumu likaizungusha injini kwa kasi mteremko mzima, na oili haikuja ya kutosha. Alikuwa mtu mwangalifu. Ila hakujua tu. Tangu siku hiyo, kwenye mteremko mrefu ninabana klachi kila baada ya muda na kufungua mafuta kidogo, injini inywe. Nawe ufanye hivyo. Na vidole viwili visitoke kwenye klachi, popote uendapo.

Basi mimi niliyefundishwa haya yote ndiye niliyefanya nitakachokusimulia.

Ilikuwa Leicester, wakati wa baridi, na NSR yangu ilikuwa bado ngeni kwangu. Nilichelewa kuamka. Kiti kilikuwa na barafu nyembamba, nikaikwangua kwa kiganja cha glovu. Nikapiga kiki, maana pikipiki hizi hazina stata. Ikawaka, moshi wa samawati ukajaa uani. Sindano ya joto ilikuwa imelala chini kabisa. Niliiona. Niliitazama kwa macho yangu nikasema itapanda njiani.

Njia ya kwenda kazini ilikuwa na kilima. Nikafungua mafuta, sindano ya mizunguko ikapita 8,000, ikapita 10,000, na moyo wangu ukafurahi kama kila mara. Halafu sauti ikabadilika. Ikawa nyembamba, kavu, na nguvu ikalegea. Kulikuwa na nafasi ndogo hapo ya kubana klachi. Nilidhani petroli inakatika, nikaongeza mafuta. Gurudumu la nyuma likakamata. Nakumbuka mlio wa tairi, kisha bega langu chini, kisha pikipiki inateleza mbele yangu ikirusha cheche. Lori lililokuwa nyuma lilifunga breki, likasimama karibu kiasi cha kunifanya nisikie joto la injini yake. Mtulinga wangu ulivunjika. Dereva aliteremka akakaa nami kando ya barabara, akanifunika koti lake, wala hakunigombeza. Laiti angenigombeza.

Bega lilipopona nikaifungua injini. Pistoni ilikuwa na michirizi minne, imejipanga pande zake nne, na ringi zimezikwa ndani ya aluminiamu iliyoyeyuka ikaganda. Michirizi minne ya namna hiyo ina maana yake, na kila fundi wa tu-stroki anaisoma. Pistoni iko katikati ya moto, inapata joto haraka na kutanuka. Silinda imezungukwa na maji ya rejeta ambayo bado ni baridi, inachelewa kutanuka. Ukiidai injini nguvu zote wakati huo, pistoni inanenepa ndani ya silinda ambayo bado ni nyembamba, mpaka inakwama. Ni tui la nazi, mwanangu. Ukilitia moto mkali kwa pupa linakatika, na likishakatika hakuna mwiko wa kulirudisha.

Kilichoniuma si mtulinga. Kilichoniuma ni kwamba sikuhitaji ujuzi wowote mpya ili kuliepuka lile. Nilihitaji kusimama uani kidogo, nikivuta glovu na kufunga kamba za helmeti, mpaka sindano ipande. Halafu kilomita chache za mwanzo niende chini ya 6,000, nikiamka pamoja na mashine. Basi. Kila kitu kingine nilikuwa nacho.

Kuna mzee mmoja aliyekuwa akinipa moyo baada ya hapo, ingawa hatukuwahi kukutana. Joey Dunlop, mtu wa Ballymoney, Ireland ya Kaskazini. Alikuwa dereva wa mashindano, tena mmoja wa wakubwa kabisa, lakini alipenda kuzifanyia kazi pikipiki zake kwa mikono yake mwenyewe. Mwezi Juni 2000, akiwa na miaka 48, alishinda mashindano matatu katika juma moja kwenye Kisiwa cha Man, ambako mzunguko mmoja ni zaidi ya kilomita 60 za barabara za kawaida, kati ya kuta za mawe na nyumba za watu. Mawili kati ya hayo alishinda kwa tu-stroki, moja la 250 na moja la 125. Yakawa 26 jumla aliyoshinda kisiwani pale. Na wakati hashindani, alikuwa anajaza gari lake chakula na nguo na kuliendesha mwenyewe mpaka Romania, Bosnia na Albania, kuwapelekea mayatima.

Mwezi uliofuata, mvua ikinyesha, alianguka mjini Tallinn, Estonia, akiwa kwenye shindano la 125, akafa.

Sikukusudia kukutisha. Ila sitaki unielewe nusu. Ukiijua mashine yako kama Joey alivyozijua zake, utafurahi nayo zaidi na itadumu zaidi. Kujua hakukuandikii umri mrefu. Joey alikuwa mjuzi, na lami ikilowa haiulizi mjuzi ni nani.

Kwa hiyo nikushike mkono juu ya mvua. Nchi hii ina viplefti vingi na mvua nyingi. Unaingia kwenye kiplefti kwa gia ya pili, mizunguko 7,000, pikipiki imelala upande, lami imelowa na labda kuna dizeli iliyomwagika. Unatoka, unafungua mafuta kidogo, na hapo hapo wimbi linapatana na pistoni. Nguvu uliyoiomba ni kijiko, inayokuja ni pakacha. Tairi la nyuma linatoroka. Dawa yake ni kuchagua gia kabla hujaingia, ili utoke ukiwa bado chini ya mkupuo, na umalize kuinyanyua pikipiki kwanza. Utaonekana mpole. Wenzako watakupita. Waache wapite.

Na watakuja watu kukwambia kwamba hiyo NSR ilifungwa makusudi kiwandani, kwamba watengenezaji wa Japani walikubaliana pikipiki ya 250 isizidi farasi 45, na kwamba ikifunguliwa inapita 50. Ni kweli kabisa. Usiifungue mwaka wa kwanza. Mikono yako bado haijazimaliza hizo 45. Mimi mpaka leo sijui kama nilizimaliza barabarani, na sidhani kama kuna barabara ya watu inayofaa kuzimalizia.

Nije kwenye pesa, maana hapa ndipo vijana wengi huvunjika moyo, si kwenye kuanguka. Bei aliyokutajia muuzaji ni ya kuingilia tu. Pikipiki hizi hazitengenezwi tena. Tu-stroki huacha sehemu ya petroli itoke na moshi bila kuungua, na huunguza oili pamoja nayo, kwa hiyo sheria za hewa safi zilipobana, pikipiki hizi zikakosa pa kupita. Honda iliacha kuitengeneza NSR250R miaka ile ile ya 1990. Kwenye mashindano nako walizizika moja moja: Valentino Rossi alikuwa bingwa wa mwisho wa 500, mwaka 2001, juu ya Honda NSR500, 250 ikafungwa mwisho wa 2009, na 125 mwisho wa 2011. Kilichobaki duniani ndicho hicho kinachouzwa na kununuliwa tena. Krenki yake imeundwa kwa vipande vilivyobanwa pamoja, na beringi zikiisha inahitaji mtu mwenye mashine na jicho la kuinyoosha. Kisanduku cha umeme kinachoamuru plagi ziwake lini kikifa, utakitafuta kwa kuandikia watu barua. Pistoni na ringi ni vitu vya kuisha, vihesabu pamoja na tairi. Kabla hujanunua, tenga pesa ya kufungulia injini mara moja, uiweke mbali, usiiguse. Kama ukishaitenga hubakiwi na ya kununulia, ngoja mwaka. Nitafurahi kuungoja nawe.

Na oili. Ina tangi lake peke yake, na pampu inayoigawa. Jaza ya tu-stroki, ile nzuri, usiazime ya gari. Taa nyekundu ya oili ikiwaka usiseme nitafika nyumbani. Simama. Tembea na chupa ndogo chini ya kiti, ipo nafasi. Kila baada ya safari chache chomoa plagi uitazame kwenye mwanga wa jua: rangi ya kahawia kavu ni njema; nyeupe iliyochomeka maana yake injini inakosa petroli na inapata joto kupita kiasi, usiipande mpaka ujue kwa nini; nyeusi iliyolowa inaweza kungoja. Ukijizoesha hivyo, baada ya muda utakuwa unaijua kwa harufu na kwa mtetemo wa vigingi vya miguu kabla hujachomoa kitu. Hapo ndipo raha yake inapoanza, na kwangu mimi hiyo raha imezidi ile ya 10,000. Najua huniamini. Nilipokuwa na umri wako nisingeamini pia.

Sasa Jumamosi. Mpigie muuzaji Ijumaa, umwombe asiiwashe kabla hujafika. Mwambie hivyo waziwazi. Ukifika, kabla salamu hazijaisha weka kiganja kwenye silinda. Ikiwa ya moto, ameipasha ili ikufiche kitu. Mshukuru, urudi nyumbani. Ikiwa baridi, mwache apige kiki yeye mwenyewe, wewe simama upande wa ekzosi. Moshi mwanzoni ni kawaida. Usipopungua baada ya kupata moto, sili za krenki zina neno. Sikiliza huku chini, si juu. Kama ni mngurumo mzito unaopanda na mizunguko, hiyo ni beringi. Chukua bisibisi yangu ndefu, ile yenye mpini wa mbao, iko kwenye droo ya juu. Muulize karatasi za mara ya mwisho injini ilipofunguliwa. Tazama kama skrubu za fremu zimechunwa vichwa. Geuza usukani mpaka mwisho kulia na kushoto, uone kama kuna mahali unashika.

Halafu toka nje ya geti lake unipigie, kabla hujatoa hata senti. Akikwambia mwingine yuko njiani na pesa mkononi, mwache huyo mwingine aichukue.